Tasnifu ziko rafuni, maswali yako mtaani

Msimu wa mahafali ukikaribia, maktaba za vyuo vya Dar es Salaam hupokea tasnifu mpya. Zimejalidiwa vizuri, jalada gumu, jina la mwandishi kwa herufi za rangi ya dhahabu. Ndani ya kila moja kuna miaka ya maisha ya mtu: safari za Rufiji na Kilosa, madodoso yaliyoloa mvua, sampuli za maji zilizobebwa kwenye boksi la barafu, masahihisho ya msimamizi kwa wino mwekundu. Tunazisajili, tunazipa namba, tunazipanga rafuni. Mimi ni mkutubi katika jiji hili, kwa hiyo najua kinachofuata. Nyingi hufunguliwa na wanafunzi wanaotaka kuona sura ya pili huandikwaje, basi.

Wakati huohuo, mtaani watu wanauliza. Mwanafunzi wa kidato cha tatu Kigogo ana insha ya jiografia kuhusu mafuriko ya Msimbazi. Muuguzi wa zahanati Mbagala anataka kuelewa kwa nini homa ya dengi hulirudia jiji hili, kama ilivyotokea mwaka 2014 na tena 2019. Mama mwenye matuta ya mchicha bondeni amesikia kwamba mboga za kando ya mto zina sumu, na anataka kujua kama ni kweli au ni maneno ya watu. Wote wana simu. Wote wanaandika swali lao kwa Kiswahili. Wanachopata, mara nyingi, ni kurasa za Kiingereza, blogu zilizonakiliana, au makala ya Wikipedia yenye sentensi tatu na chini yake maelezo kwamba makala hii bado ni mbegu, yaani fupi mno, inangoja kukuzwa.

Kinachoniuma ni kwamba majibu yapo, tena hapahapa. Mwaka 1999 watafiti wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya kupima madini mazito katika mboga za majani zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Waliyachapisha katika jarida la kimataifa la kemia ya chakula, kwa Kiingereza, kama taaluma inavyotaka. Sina ugomvi na hilo. Kazi ya kisayansi lazima ipitiwe na wataalamu wengine duniani. Lakini mboga zile zilikuwa za Dar, walaji wake ni watu wa Dar, na robo karne baadaye mama wa bondeni bado anategemea kusikia kwa jirani.

Nimekuwa nikihariri Wikipedia ya Kiswahili jioni baada ya kazi kwa muda mrefu sasa, na msimamo niliofikia ni huu: kamusi elezo haiwezi kuwa nzuri kuliko vyanzo vyake. Tunapowaomba wasomi wachangie, huwa tunawaza kuwaomba waandike. Kuandika ni sehemu ndogo ya kazi. Mchango mkubwa wa chuo kikuu ni kuhakikisha kwamba kuna kitu cha kunukuu, kilichochapishwa, kinachofikika bila malipo, na ikiwezekana kwa lugha ya msomaji.

Tazama ilivyo sasa. Wikipedia ilianza Januari 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Leo ina makala zaidi ya 80,000. Ni kazi ya kujivunia, imefanywa na watu wachache wa kujitolea ambao wengi hawajawahi kurudishiwa hata pesa ya bando. Ukiingia ndani utakuta kata nyingi mno za Tanzania, kila moja na wilaya yake na idadi ya wakazi wake. Wapo wanaozidharau makala hizo kwa ufupi wake. Mimi naona zinatufundisha jambo. Ziliwezekana kwa sababu takwimu za sensa hutolewa rasmi na kwa wazi. Sensa ya 2022 ilipotangaza kwamba mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, yeyote aliweza kuichukua takwimu ile na kutaja ilikotoka. Penye chanzo wazi, makala zimeota. Nenda sasa kwenye maradhi yetu, samaki wetu, udongo wetu, historia ya miji yetu ya pwani, uone zilivyodumaa.

Msomi anayefika Wikipedia kwa mara ya kwanza hukutana na kanuni inayomshangaza: utafiti mpya haupokelewi. Huwezi kuleta ugunduzi wako ambao haujachapishwa popote. Huwezi kusema "mimi ni profesa, niamini". Mbele ya kanuni hiyo profesa na mwanafunzi wa kidato cha sita wanakaa benchi moja, na kinachowatofautisha ni chanzo kilichowekwa mwishoni mwa sentensi. Kwa watu waliozoea kuheshimiwa kwa vyeo vyao, hilo ni gumu kulimeza, na nawaelewa.

Profesa mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu sana, aliniuliza tukiwa tumekaa nje ya maktaba: "Mwanangu, nimefundisha miaka yote hii. Leo niandike mahali ambapo mtoto wa kidato cha pili anaweza kunifuta?" Nilimwambia, "Ni kweli, Profesa, anaweza kukufuta. Lakini hawezi kuyafuta uliyoandika yasionekane tena." Nikafungua kompyuta nikamwonyesha ukurasa wa historia ya makala, kila badiliko na saa yake, na jinsi mtu anavyorudisha toleo la awali kwa kubofya mara moja. Nikamweleza pia kwamba mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi wazilinganishe, za Wikipedia ya Kiingereza na za kamusi elezo ya Britannica. Walikuta wastani wa makosa manne hivi kwa kila makala ya Wikipedia, na matatu kwa Britannica. Alisikiliza, akafikiri, kisha akauliza lililo la maana zaidi: "Na hii ya Kiswahili?" Hapo nilimwambia ukweli. Ya Kiswahili ina macho machache. Kosa linaweza kukaa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyepita anayeijua mada ile. Ndiyo maana anahitajika yeye, hata kama hataandika aya moja. Kila makala ina ukurasa wa majadiliano. Mtaalamu akiandika pale "takwimu hii imepitwa na wakati, tazameni chanzo hiki", ameshafanya kazi kubwa, na watu kama mimi tutaikamilisha.

Jambo la vyanzo nililiona kwa karibu kabisa katika mafunzo ya Jumamosi moja, chumba cha kompyuta cha chuo kimoja jijini. Walikuja wanafunzi wa mwaka wa pili, wengi wa sayansi. Asubuhi ilianza kwa mkwamo ambao kila mwandaaji anapaswa kuujua: Wikipedia huruhusu akaunti sita tu mpya kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti. Chumba kizima kinatumia anwani moja. Mwanafunzi wa saba akainua mkono, "Mwalimu, mimi inanikatalia." Wa nane naye hivyohivyo. Wakaziweka kompyuta pembeni wakafungua akaunti kwa simu, kwa bando zao wenyewe, na kazi ikaendelea. Siku hizi nawaomba waandaaji wawaambie wanafunzi wajisajili nyumbani kabla ya kuja, au waombe mapema kikomo hicho kiondolewe kwa siku hiyo.

Binti mmoja kutoka Rufiji alichagua kuongeza makala kuhusu mikoko. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa, "Mikoko ni mimea muhimu sana ambayo inasaidia jamii kwa kiasi kikubwa." Nikakaa kando yake nikamuuliza: ipi, wapi, na nani kasema? Akafuta. Akaanza kuniambia kwa mdomo mambo ambayo mimi, mtu wa Temeke, sikuyajua. Kwao boriti za kujengea zinatoka kwenye mkoko wenyewe na kwenye msinzi. Mkandaa gome lake hutoa rangi. Mchu husimama hata pale maji ya chumvi yanapozidi, na mlilana ndio unaotangulia mbele kabisa, baharini. Alijua mti upi unavumilia wimbi na upi unafuata nyuma, kwenye nchi kavu zaidi. Wanabotania wana majina yao ya Kilatini kwa miti hiyohiyo, Rhizophora mucronata kwa mkoko, Avicennia marina kwa mchu, Ceriops tagal kwa mkandaa, na mpangilio aliokuwa akinieleza, wa mti upi kwanza na upi baadaye kutoka majini kwenda bara, ndio uleule wanaoupima kwa kamba na vipimo vya chumvi.

"Haya andika," nikamwambia.

"Chanzo niweke nani? Haya kanifundisha mjomba."

Na hapo kanuni ikasimama katikati yetu. Mjomba si chanzo kinachokubalika. Si kwa kuwa hajui. Anajua kuliko wengi. Ni kwa sababu msomaji aliye Mwanza au Lubumbashi hana njia ya kumfikia mjomba ili ahakiki. Tulitafuta asubuhi yote. Tulipata makala za wataalamu wa bahari, baadhi zikiwa wazi, baadhi zikidai malipo kwa dola. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Zanzibar tangu mwaka 1978, na watu wake wamechapisha mengi kuhusu mikoko. Mpaka mchana alikuwa na aya mbili safi, kila sentensi na rejeo lake. Ya matumizi ya gome la mkandaa hatukupata chanzo siku ile, ikabidi yaachwe.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Sehemu kubwa ya tunachokijua sisi watu wa pwani hii kiko midomoni na mikononi mwa watu, na kamusi elezo inataka karatasi. Kati ya mdomo na karatasi kuna mtu mmoja tu anayeweza kuvusha, naye ni mtafiti: anayekwenda, anayesikiliza, anayeandika jina la aliyemwambia na tarehe na mahali, kisha akachapisha. Akishachapisha, maneno ya mjomba yana anwani. Yanaweza kunukuliwa.

Chuo chetu kimewahi kulifanya hili kwa ukubwa unaostahili kukumbukwa. Mwaka 1968 na 1969, Mlimani ikiwa bado ni chuo kishiriki, idara ya historia iliendesha mradi wa utafiti wa Vita vya Majimaji. Wanafunzi walirudi makwao wakakaa na wazee walioiona vita ile ya 1905 hadi 1907 kwa macho yao, au waliosimuliwa na walioiona. Waliandika walichoambiwa kuhusu maji, kuhusu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kuhusu njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuteketeza mashamba na maghala. Wazee wale wamekwisha kuondoka wote. Lakini kwa kuwa wanafunzi wale waliandika, na chuo kikatoa mkusanyo mwaka 1969, mwanahistoria yeyote duniani anayetaka kuandika habari za Majimaji hawezi kuzipita sauti zao. Hebu fikiria kama mradi kama ule ungefanywa leo kuhusu uvuvi wa Kunduchi, au kuhusu mtaa wa Kariakoo kabla maghorofa hayajaota, na mahojiano yakawekwa wazi mtandaoni tangu siku ya kwanza, kwa leseni inayoruhusu kunukuu na kutumia tena. Baada ya mwaka mmoja Wikipedia ya Kiswahili ingekuwa na mambo ambayo hayapo katika lugha nyingine yoyote.

Leseni, kwa kweli, ndiyo inayowakwamisha watafiti wengi wenye nia njema. Mtu huja na makala yake iliyochapishwa, anainakili nzima kwenye Wikipedia, inafutwa baada ya saa chache, anakasirika: "Ni kazi yangu mwenyewe!" Mara nyingi si yake tena. Aliposaini fomu ya mchapishaji, alikabidhi hakimiliki. Maandishi ya Wikipedia yanatoka kwa leseni ya CC BY-SA 4.0, ambayo humruhusu yeyote kuyatumia tena, hata kwa biashara, mradi ataje yalikotoka na atoe kwa masharti yaleyale. Makala ya jarida iliyotolewa kwa CC BY unaweza kuichukua na kuitafsiri, ukitaja mwandishi. Iliyokatazwa matumizi ya biashara huwezi. Isiyo na leseni yoyote huwezi pia, ila unaweza kuisoma na kueleza matokeo yake kwa maneno yako, ukaweka rejeo. Hilo la mwisho ni ruhusa pana kuliko watu wanavyodhani. Ukweli wenyewe hauna mwenye hakimiliki; kinacholindwa ni namna ulivyoandikwa.

Na kuna picha. Kama ningeruhusiwa kuomba kitu kimoja tu kwa idara za sayansi, ningeomba picha. Chukua chura wa Kihansi. Ni kiumbe mdogo wa rangi ya manjano, anayezaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai, aliyeishi katika rasharasha za maporomoko ya Mto Kihansi huko Udzungwa, eneo la hekta chache tu. Aligunduliwa wakati wa tafiti za mazingira za mradi wa umeme miaka ya 1990, na akaelezwa kisayansi mwaka 1999. Bwawa lilipoyachepusha maji, rasharasha zikakatika. Ikabidi wachukuliwe vyura 499 mwaka 2000 wakapelekwa Marekani kuzalishwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Dar es Salaam, kwenye kituo cha kuwazalisha kilichopo Chuo Kikuu, na 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi, ambako mitambo ya kunyunyizia maji ilikuwa imewekwa badala ya rasharasha zilizopotea.

Habari hii imejaa kazi ya Watanzania: wataalamu wa mazingira, mafundi wa mitambo ya kunyunyizia, vijana wa maabara waliowalisha vyura kila siku. Kila mtafiti aliyepita Kihansi ana mamia ya picha kwenye simu na kompyuta yake. Kumi tu, zikipandishwa kwenye Wikimedia Commons, hazina ya picha huria iliyoanza mwaka 2004, zingetumika katika makala za lugha zote kwa mpigo. Pale Mlimani kuna herbariamu yenye sampuli za mimea zilizokusanywa kwa miongo kadhaa. Kila sampuli iliyopigwa picha vizuri, ikaandikiwa jina, mahali na tarehe, ni rejeo kwa mwalimu wa biolojia wa Tunduru ambaye hatapata nauli ya kuja kuiona.

Vijana wetu wameshaonyesha kwamba kazi ya huria wanaiweza. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wakazi, Tandale na kata nyingine zinazofurika, wakachora njia, mifereji, vyoo na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Ramani zile zikawa mali ya wote na zikatumika kupanga tahadhari za mafuriko. Haikuwa kazi ya kujitolea pembeni ya masomo. Kwa wengi ilikuwa sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo. Hapo ndipo ninapoona njia ya Wikipedia. Mhadhiri mwenye darasa la watu 40 hutoa kazi ya kuandika kila muhula. Anasoma kurasa 400, anaweka alama, karatasi zinaishia kwenye boksi chini ya meza. Kazi ileile ingeweza kuwa kuboresha mbegu 40, kila mwanafunzi na yake, kwa vyanzo vilivyokaguliwa darasani. Mhadhiri anapata faida ambayo karatasi haimpi: historia ya makala humwonyesha nani aliandika nini na saa ngapi, nani alianza mapema na nani alinakili yote usiku wa mwisho. Ninachosisitiza ni kwamba alama zitolewe kwa ubora wa vyanzo na maelezo ya mwanafunzi kuhusu alichobadilisha. Zisitolewe kwa kuwa makala imebaki bila kuguswa, kwa sababu kuguswa na wengine ndiyo tabia ya mahali pale.

Majarida nayo yana nafasi yake. Jarida la RNA Biology lilianza mwaka 2008 kuwataka waandishi wa aina fulani ya makala waandae pia rasimu ya Wikipedia, na jarida la PLOS Computational Biology tangu 2012 huchapisha makala maalumu ambazo nakala yake huenda Wikipedia. Jarida la Kitanzania linaweza kuanza na kidogo zaidi: ikisiri ya Kiswahili kwa kila makala. Aya moja tu, iliyoandikwa na mtafiti mwenyewe. Mhariri wa Wikipedia akiwa na ikisiri ya Kiswahili ya mtaalamu, hatabuni istilahi zake mwenyewe wala hatategemea tafsiri ya mashine, ambayo katika mada za afya inaweza kumdhuru mtu.

Wahadhiri wananiuliza watapata nini. Ni swali la haki. Kamati ya kupandisha vyeo inahesabu machapisho, na saa moja ya Wikipedia ni saa moja iliyotoka kwenye chapisho. Nadhani vyuo vinapaswa kubadilisha hesabu hiyo, na kulitambua hili kama huduma kwa jamii, ambayo tayari imeandikwa katika majukumu ya mhadhiri sambamba na kufundisha na kutafiti. Lakini hata kabla ya hapo, kuna ushahidi wa faida kwa mtafiti mwenyewe. Neil Thompson wa chuo cha MIT cha Marekani na mwenzake walifanya jaribio lililotangazwa mwaka 2017: waliandika makala za kemia, wakazichagua kwa bahati nasibu zipi ziwekwe Wikipedia na zipi zisiwekwe, kisha wakafuatilia machapisho ya wanasayansi. Waliona kwamba yaliyowekwa yaliathiri maneno ya machapisho ya baadaye, na kazi zilizotajwa humo zikanukuliwa zaidi. Kama utafiti wako wa Kilombero haujatajwa popote anaposoma mtu wa kawaida, usishangae hata wataalamu wenzako wakiupita.

Kuna mambo mawili ambayo hayasaidii, na nayasema kwa sababu hurudiwa kila mara. Ofisi za uhusiano za vyuo huja kuandika kurasa za vyuo vyao, zikijaza "chuo bora" na "mazingira tulivu ya kujifunzia". Hilo ni tangazo, nalo huondolewa, na chuo kikabaki na jina baya kwa wahariri. Mtu mwenye maslahi na mada atumie ukurasa wa majadiliano, ajitambulishe, alete vyanzo, wengine waandike. La pili ni mashindano ya zawadi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Google iliendesha shindano la makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Tanzania na Kenya. Makala nyingi zilizaliwa, na nyingine ni nzuri mpaka leo. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi hawakurudi. Sioni kosa la vijana hapo. Hawakuachiwa mhadhiri wa kuwaendeleza, darasa la kuwapokea, wala maktaba ya kuwapa vyanzo, na vitu hivyo vitatu chuo kinavyo bila kuhitaji mfadhili.

Sisi wakutubi tusisubiri kuombwa. Tangu 2016 wakutubi duniani hutenga wiki chache, Januari na, katika miaka iliyofuata, tena Mei, kila mmoja aongeze angalau rejeo moja kwenye Wikipedia. Ndiyo kazi tunayoijua: mtu anasema jambo, sisi tunajua limeandikwa wapi. Ndani ya East Africana, mkusanyo wa machapisho ya Afrika Mashariki pale maktaba ya Mlimani, kuna ripoti na magazeti ambayo hayapo kwenye intaneti kabisa. Chanzo si lazima kiwe mtandaoni ili kinukuliwe. Kitabu chenye mwaka, mchapishaji na ukurasa kinatosha. Mkutubi mmoja aliyekaa na ripoti ya zamani ya mipango miji ya Dar es Salaam anaweza kuzipa msingi makala za Magomeni, Ilala na Temeke kwa alasiri moja.

Mhadhiri anayetaka kujaribu muhula ujao aanze na darasa dogo na mada anayoifahamu mwenyewe. Achague mbegu mapema, ahakikishe kila moja ina angalau vyanzo viwili ambavyo wanafunzi watavipata bila kulipa, na kama havipatikani, aje maktaba tuvitafute pamoja. Wanafunzi wafungue akaunti nyumbani, waandike kwanza kwenye kurasa zao za mazoezi. Wiki mbili kabla ya kuanza, aweke ujumbe kwenye ukurasa wa jumuiya ya Wikipedia ya Kiswahili, ataje tarehe, idadi ya wanafunzi na orodha ya makala, ili wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, wajue kwamba wageni wanakuja na wasiwafute kwa haraka. Ujumbe huo nitauona, na nitazisoma makala hizo moja baada ya nyingine.